Reli ya India aliilipia nani? Uzi kwa wanaosema Mwingereza "angalau aliacha reli"

Mpiga Filimbi (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Kila mjadala wa ukoloni ukiibuka humu hakosekani mtu wa kusema "lakini Wahindi waliachiwa reli". Inasemwa kana kwamba Malkia Victoria alifungua mkoba wake akawatolea. Mimi habari za reli, posta na simu za India (simu ya zamani, telegrafu, ya kupeleka ujumbe kwa waya) ni ugonjwa wangu wa siku nyingi, na hoja yangu ni moja tu: ile reli Mhindi aliinunua, tena kwa bei ya kuruka, na kwa miongo kadhaa hakuulizwa ipite wapi. Anayebisha abishe kwa hoja, matusi tuyaache nje.

Tarehe 16 Aprili 1853, alasiri, treni ya kwanza ya abiria iliondoka Bori Bunder, Bombay (Mumbai ya leo), kwenda Thane, umbali wa kilomita 34 hivi. Mabehewa 14, waalikwa wapatao 400, na vichwa vitatu vikivuta kwa pamoja: Sahib, Sindh na Sultan. Mizinga 21 ikapigwa. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya upande wa Calcutta, kutoka Howrah hadi Hooghly, na 1856 ikafuata Madras.

Sasa turudi nyuma hadi 1849, maana mchezo wote uko kwenye mkataba uliosainiwa London mwaka huo. Kampuni mbili, East Indian Railway na Great Indian Peninsula Railway, zilikusanya mtaji kwa wanahisa ambao karibu wote walikuwa Uingereza. Zikapewa ardhi bure kwa miaka 99. Juu ya hapo wanahisa wakahakikishiwa asilimia 5 kwa mwaka kwa kila walichoweka, reli ipate faida isipate.

Hesabu yake inakwenda hivi. Bwana mmoja wa London ameweka paundi 100. Mwaka umeisha, reli imempatia paundi 2. Hazina ya India inamwongezea 3 ili zitimie 5. Mwaka mwingine reli haijaingiza kitu, hazina inamlipa zote 5. Na hazina ya India ni kodi ya ardhi ya mkulima wa Bihar na ushuru wa chumvi wa mama wa Madras, watu ambao wengine walikuwa hawajawahi hata kuusikia mlio wa treni. Tena kampuni ikiona biashara haivutii ilikuwa na haki ya kuirudishia serikali reli na kudai mtaji wake urejeshwe.

Kwa mkataba wa namna hiyo, nani atabana matumizi? William Massey, aliyewahi kushika fedha kwenye baraza la Viceroy (mtawala wa India kwa niaba ya Malkia), aliieleza kamati ya Bunge la Uingereza miaka ya 1870 kwamba mwenye mtaji hakujali pesa yake imegeuka matofali au imetupwa mto Hooghly, ilimradi asilimia 5 yake iko palepale. Huyo si mpinzani wa ukoloni, ni mtu wao wa ndani kabisa.

Nusu karne nzima, ukijumlisha na kutoa, hazina ilikuwa inafidia. Mpaka kufikia mwaka 1900 ndipo reli zikaanza kuiletea serikali faida, na wakati huo mtandao ulishafika kama kilomita 40,000.

Naendelea, msikatize sana.

Kichwa Ngumu

Mkuu tumekusoma, ila jibu swali dogo: bila Mwingereza hao Wahindi wangepata wapi treni? Si wangekuwa kwenye mikokoteni ya ng'ombe mpaka leo?

Mpiga Filimbi

Hili swali nililitegemea, nikajua litatoka kwako.

Mwaka 1845, miaka minane kabla ya treni ya Bombay, matajiri wa Bombay wakiongozwa na Jagannath Shankarseth na Jamsetjee Jejeebhoy walishaunda chama cha kudai reli. Kule Bengal, Dwarkanath Tagore alikuwa na migodi ya makaa ya mawe na alijitolea kutoa theluthi ya mtaji wa njia ya kwenda kwenye makaa hayo. Akafariki 1846 mpango haujaiva. Gaekwad, mtawala wa Kihindi wa Baroda, alijenga njia yake nyembamba mwaka 1862, na hapo utacheka kidogo, maana mwanzoni mabehewa yalivutwa na ng'ombe juu ya reli. Kwa hiyo mikokoteni ya ng'ombe kweli ilikuwepo, lakini mwenye nayo alikuwa anajenga kwa pesa yake. Holkar, mtawala wa Indore, naye aliikopesha serikali ya Mwingereza paundi milioni moja ili njia ifike kwake. Tena Japani hawakutawaliwa na mtu, na treni yao ya kwanza ilitembea 1872.

Nia ilikuwepo, na pesa ilikuwepo. Usukani ndio haukuwa mikononi mwao.

Kichwa Ngumu

Sawa, endelea. Nimevuta kiti.

Mpiga Filimbi

Kwa nini reli ilipita ilikopita? Lord Dalhousie, Gavana Mkuu kuanzia 1848 hadi 1856, aliandika waraka mrefu mwaka 1853 na hakuficha kitu: jeshi lisafirishwe haraka, pamba itoke na bidhaa za Uingereza ziingie. Wenye viwanda wa Manchester walikuwa wanapiga kelele kwa sababu pamba yao nyingi ilitoka Marekani na hawakupenda kutegemea shamba moja. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza Marekani 1861 na pamba ikakatika, Bombay ikalewa pesa miaka minne.

Angalia ramani yoyote ya wakati ule. Njia zinatoka bara zinateremka bandarini: Bombay, Calcutta, Madras, Karachi. Nauli za mizigo nazo zilipangwa kwa mtindo huohuo. Kupeleka mzigo bandarini kulikuwa nafuu kwa kila maili kuliko kuupeleka mji jirani wa ndani, kwa hiyo mwenye kiwanda cha Kihindi anayetaka malighafi kutoka wilaya ya pili alikuwa anaumia.

Baada ya maasi ya 1857, askari Wahindi walipomgeuka Mwingereza, habari ya jeshi ikawa kubwa zaidi. Nenda katazame picha za stesheni ya Lahore, iliyoanzishwa 1859. Ina minara na matundu ya kupenyezea bunduki kama ngome, na ilijengwa makusudi iweze kufungwa na kulindwa.

Kisha kuna Bhor Ghat, na hapa nitakaa kidogo. Ukitoka Bombay kwenda Poona (Pune ya leo) unakutana na ukuta wa milima ya Sahyadri. Reli ilitakiwa ipande zaidi ya mita 550 ndani ya kilomita 25 hivi. Wakatoboa mahandaki 25. Kazi ilianza 1856, njia ikafunguliwa 1863, na mwaka 1861 kulikuwa na vibarua zaidi ya 40,000 mlimani kwa wakati mmoja, wanaume, wanawake na watoto. Baruti na mwamba viliua baadhi, lakini muuaji mkubwa alikuwa kipindupindu pamoja na homa za kambini, maana watu walilala wamebanana na maji yalikuwa machafu. Walikufa kwa maelfu. Mkandarasi Solomon Tredwell aliletwa 1859, akaugua akafa mwaka huohuo hata hajazoea hewa. Mkewe Alice akaurithi mkataba, akaweka wahandisi wa kumsimamia kazi, na kazi ikafika mwisho. Mwanamke mwenye tenda ya reli mwaka 1860! Habari yake huwa naisimulia hata bila kuulizwa.

Dada wa Chumbageni

Mpiga Filimbi, hiyo njia nimeipita. Nilimpeleka mama matibabu Mumbai, tukapata siku za kusubiri majibu, tukapanda treni kwenda Pune. Ukifika Karjat wanaongeza vichwa nyuma ya treni, vya kusukuma, maana cha mbele peke yake hakiwezi mlima. Kisha unaingia shimo unatoka, unaingia tena unatoka. Watoto walikuwa wanapiga kelele kila giza likiingia. Kwenye kituo wanauza vada pav dirishani, mama alikula mbili akasahau ugonjwa. Hakuna aliyetuambia kuna watu wamelala pale.

Mpiga Filimbi

Dada, ahsante, na mama apate afya. Vichwa vya kusukuma bado vipo kwa sababu mlima ni uleule.

Mtoto wa Fundi Reli

Mkuu gusia na upana wa reli. Baba alifanya karakana, alikuwa anasema reli yetu ya zamani ni ya "Kihindi".

Mpiga Filimbi

Mzee alisema kweli, kwa upande wa Mombasa. Dalhousie aliamua reli kuu za India ziwe na upana wa futi 5 na inchi 6, pana kuliko ya Uingereza kwenyewe. Ilikuwa imara, ila ghali. Mwaka 1870, Viceroy akiwa Lord Mayo, wakataka kubana gharama wakaleta upana wa mita moja kwa njia za pembeni. Matokeo yake mzigo ukifika pale njia mbili zinapokutana hauendi mbele. Gunia linashushwa kwa mgongo wa kibarua, linavushwa jukwaa, linapakiwa upya.

Reli ya Uganda ilipoanza Mombasa 1896 walichukua mita moja ileile, kwa kuwa wahandisi, vifaa na watu vilikuwa vinatoka India. Waliletwa vibarua Wahindi karibu 32,000, wengi kutoka Punjab. Kama 2,500 walikufa na 6,700 hivi walibaki huku. Wajerumani nao kwa reli ya Tanga na ya Kati walitumia mita moja, ila hao walikuwa na hesabu zao.

Sasa tuingie kwenye simu na posta, maana watu huongelea treni tu.

Simu ya India ilianzishwa na daktari. William O'Shaughnessy, daktari wa upasuaji na mwalimu wa kemia Calcutta, mwaka 1839 alitandaza nyaya kilomita zaidi ya 30 juu ya mianzi, akizungusha kwenda na kurudi, akajaribu kupitisha ishara. (Ni huyohuyo ambaye, akiwa kijana Uingereza, alipima damu ya wagonjwa wa kipindupindu akaonyesha wamepoteza maji na chumvi. Ukitundikiwa dripu mkumbuke.) Hakuna aliyemsikiliza mpaka Dalhousie alipokuja. Mwaka 1851 njia ya Calcutta hadi Diamond Harbour ilikuwa inafanya kazi ya kutoa habari za meli. Kisha wakaenda kasi ya ajabu: Machi 1854 ujumbe ulitoka Calcutta ukafika Agra, kilomita kama 1,300, na muda si mrefu Bombay na Madras nazo zikaunganishwa. O'Shaughnessy alipendelea fito nene za chuma kuliko waya mwembamba, kwa sababu nyani na ndege wakubwa walikuwa wananing'inia.

Mei 1857 askari wa Meerut walipoasi na kuingia Delhi, vijana wa ofisi ya simu ya Delhi waliwahi kutuma habari Ambala kabla ya kukimbia. Mkuu wao, Charles Todd, alikuwa ametoka asubuhi kukagua waya uliokatika, akauawa. Ujumbe ule ukavuka hadi Punjab, na maafisa wa huko wakawanyang'anya bunduki vikosi walivyovitilia shaka kabla havijapata habari. Waasi walielewa upesi waya ule ni silaha, wakakata nguzo popote walipoweza.

Huko London bado habari za maasi zilichukua wiki kadhaa kufika. Hilo liliwauma. Mwaka 1865 wakaunganisha India na Ulaya kupitia Ghuba ya Uajemi, na 1870 ukafika waya wa baharini kupitia Suez na Aden hadi Bombay. Kuanzia hapo swali la Viceroy lilijibiwa kwa saa, na Viceroy akapungukiwa uhuru wa kujifanyia mambo.

Pweza wa Forodhani

Hapo Aden umenigusa. Huo waya ndio uliotufikia Zanzibar 1879, ukaendelea kusini mpaka Durban. Na meli za barua za kampuni ya British India zilikuwa zinakuja tangu 1872.

Mpiga Filimbi

Naam sheikh. Na posta yenu ya kwanza ilikuwa tawi la posta ya India, barua za Unguja zikibandikwa stempu za India. Mwaka 1895 bado walikuwa wanachukua stempu zilezile wanagonga juu neno "Zanzibar".

Nikuongezee moja utakalolipenda. Stempu za kwanza India zilitolewa Sindh mwaka 1852, na aliyezitoa ni Bartle Frere, mtawala wa jimbo hilo. Ni Frere yuleyule aliyetumwa Unguja 1873 kumkabili Sayyid Barghash kuhusu mkataba wa kufunga soko la watumwa.

Posta ndiyo kitu cha ukoloni wa India ninachokisifu bila kujiuma ulimi. Kabla ya 1854 bei ya barua ilitegemea umbali, na mwenye kulipa mara nyingi alikuwa mpokeaji. Sheria ya 1854 ikaweka nusu anna (anna 16 ni rupia moja) kwa barua nyepesi, iende mtaa wa pili au iende kilomita 2,000. Mwaka 1879 ikaja kadi ya posta ya robo anna. Kibarua aliyeko kiwandani Bombay aliweza kumpa karani wa pembeni ya posta senti kidogo amwandikie nyumbani, na kuanzia 1880 akatuma pesa kwa hawala ya posta. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ilibebwa na tarishi wa miguu, mwenye mkuki wenye kengele ili wanyama wamsikie wakimbie, akipokezana mfuko na mwenzake baada ya maili chache. Treni ilifika stesheni. Kijijini alifika yeye.

Mama Ntilie wa Kariakoo

Mimi nauliza swali la kawaida. Njaa. Tunasikia India walikufa njaa sana enzi za Mwingereza. Reli ilikuwepo. Chakula kilikwenda wapi?

Mpiga Filimbi

Swali la kawaida ndilo zito kuliko yote humu.

Njaa ya 1876 hadi 1878 ilipiga Madras, Mysore na Bombay ya bara, ikaua zaidi ya watu milioni 5. Reli ilikuwepo kweli, na ilileta nafaka. Lakini ilileta kwa mwenye pesa. Mkulima aliyekosa mvua alikosa mazao na kibarua pia, kwa hiyo hata gunia likifika stesheni hana cha kununulia. Waya wa simu ulipeleka habari za bei kwa wafanyabiashara mapema, bei ikapanda hata wilaya ambazo hazikuwa na ukame, na nafaka ya maskini wa huku ikavutwa kwenda kule kwenye bei kubwa. Miaka hiyohiyo ngano ya India iliendelea kupakiwa melini kwenda Uingereza. Viceroy Lytton aliamini serikali isiingilie soko.

Tume ya njaa ya 1880 ilipendekeza reli ziongezwe. Na nisiwe mchoyo: baadaye, mtandao ulipoenea na serikali ikawa na utaratibu wa kutoa kazi na ujira wakati wa ukame, reli ilisaidia kuokoa watu. Ila Bengal 1943 reli zilijaa, na bado walikufa watu wapatao milioni 3. Safari hiyo serikali ilikuwa imechukua na kuharibu mashua za wanavijiji kwa hofu ya Wajapani, na Bengal bila mashua haiendi sokoni.

Kichwa Ngumu

Hii imeniingia. Lakini mbona Wahindi wenyewe waliipenda treni? Gandhi si alikuwa ndani ya treni kila siku?

Mpiga Filimbi

Aliipanda huku anaisema. Mwaka 1909 aliandika kwamba reli zimeeneza tauni na njaa na kumkaza Mwingereza kwenye nchi. Aliporudi India 1915 akaizunguka nchi nzima daraja la tatu, na 1917 akatoa kijitabu kuhusu mateso ya daraja hilo: msongamano, uchafu, watu kulala sakafuni juu ya mate. Daraja la tatu ndilo lililobeba abiria wengi kupita yote na kuingiza pesa nyingi ya abiria, na ndilo lililotunzwa vibaya kuliko yote. Bila treni hizo hizo, Chama cha Congress, cha kupigania uhuru, kingekusanyaje wajumbe kutoka Madras hadi Lahore?

Kuhusu hilo daraja, kuna barua maarufu ya 1909, nakala yake iko makumbusho ya reli New Delhi. Abiria Okhil Chandra Sen alikula fenesi likamvuruga tumbo. Treni iliposimama Ahmadpur akashuka kujisaidia, maana behewani hamkuwa na choo. Mlinzi akapuliza filimbi. Sen anaeleza alivyokimbia, mkono mmoja kopo la maji na mwingine ameshika dhoti (nguo ya kujifunga kiunoni), akaanguka mbele ya jukwaa zima, wanaume kwa wanawake, na treni ikamwacha. Akadai mlinzi apigwe faini, la sivyo habari anaipeleka magazetini. Wengi husema barua hiyo ndiyo iliyoleta vyoo kwenye mabehewa ya wanyonge. Hapo naona wameongeza chumvi, lakini behewa bila choo kwa safari ya siku mbili si chumvi.

Mtoto wa Fundi Reli

Hahaha fenesi tena! Swali la mwisho mkuu: je, vichwa vya treni walikuwa wanatengeneza wenyewe au ndio kuagiza tu? Karakana walikuwa nazo.

Mpiga Filimbi

Karakana walikuwa nazo kubwa. Jamalpur ilifunguliwa 1862, na mafundi wake Wahindi walikuwa wanafumua kichwa kizima na kukiunda upya. Mwaka 1895 karakana ya Ajmer ikatoa kichwa kilichotengenezwa India, namba F-734, na kikafanya kazi miaka mingi. Uwezo ulishaonekana hapo. Lakini oda ziliendelea kwenda Glasgow na Manchester, maelfu ya vichwa, kwa sababu waliokuwa wanaamua manunuzi walikaa London. Kiwanda cha serikali cha kuunda vichwa kwa mkupuo kilikuja Chittaranjan, Bengal Magharibi, na kichwa chake cha kwanza kikatoka 1950, miaka mitatu baada ya uhuru.

Baba yako alikuwa kitengo gani pale karakana? Kama alikuwa upande wa boila nina maswali kwake, nitakufuata PM.